Anwani Niliyompa Babu wa Mwezini

Alhamisi, 14 Machi

Kesho Tainan! Begi nimelifunga tangu asubuhi. Nimelifungua mara tatu pia, maana kila ninachokikumbuka kimekaa chini kabisa.

Tunakwenda watatu, wale wale tunaocheza dansi pamoja asubuhi pale uwanjani: mimi, Giok-lan na Siu-tin. Siku mbili za kutembea na kula. Kiongozi wa msafara ni mimi. Hakuna aliyenichagua, lakini angekuwa nani mwingine? Nimeishi Tainan miaka kumi na minne. Niliingia mji ule bibi harusi wa miaka ishirini na mmoja, nikatoka na mtoto wa miaka kumi na miwili amepakata chupa ya samaki wake wa dhahabu. Giok-lan amefika Tainan mara mbili, na mara zote alikuwa kwenye basi la mahujaji, amelala mdomo wazi. Siu-tin hajawahi kufika. Siu-tin anataka kula tu. Mtu mwema sana.

Wenzangu wanadhani safari ni hiyo. Waache wadhani. Mimi ninakwenda kazini.

Ninakwenda hekaluni kumwona Babu wa Mwezini, yule anayewafunga watu miguu kwa uzi mwekundu, huyu na yule, mpaka waoane. Ninamtakia Wen-pin wangu uzi. Mwanangu ana miaka thelathini na minane. Ni fundi wa lifti. Wakubwa wote wa mji huu wa Changhua, wakitaka kupanda juu, kwanza wapite mikononi mwa mwanangu! Mrefu, mpole, hajawahi kuninyanyulia sauti. Kasoro yake ni moja, hana mke. Jumamosi nzima anashinda kwenye bwawa la kulipia lililo ndani ya jengo anavua kamba, peke yake, halafu anarudi kuniambia amefurahi. Mtu anafurahije na kamba?

Giok-lan asijue. Ana binti, Pei-shan, daktari wa meno, miaka thelathini na mitano, naye bado yuko kwa mama yake. Akinusa tu mpango wangu atafika kwa Babu kabla yangu, na Babu ana mikono miwili tu. Watu huuliza kwa nini tusiwaoze wao kwa wao. Giok-lan alishasema mbele za watu kwamba mwanawe hakusoma miaka yote ile aje kumfulia fundi wa lifti. Na mimi niwe na mkwe mwenza kama Giok-lan? Bora kamba.

Amepiga simu kuuliza nitavaa nini. Nikamwambia ile blauzi yangu ya kijivu ya siku zote. Nimepakia ile nyekundu.

Wen-pin amesema tafadhali Mama, nisimsumbue mungu yeyote kwa ajili yake. Nimemjibu ninakwenda kula. Si uongo. Nitakula pia.

Ijumaa, 15 Machi

Giok-lan alikuja kituoni amevaa blauzi nyekundu.

Tainan! Nilishuka kwenye treni nikavuta hewa kwa nguvu mpaka Siu-tin akadhani ninaumwa. Ni ule ule, unyevu na udi na nyama inayochemka mahali fulani usipopaona. Nikawaambia wanifuate, tunaanza na supu ya ng'ombe, kwa mzee mmoja ninayemjua mimi. Kulia kwa kinyozi, kushoto kwa muuza ndoo.

Kinyozi hayupo. Muuza ndoo hayupo. Kuna duka la kahawa, kisha duka la kahawa, kisha duka la kahawa lenye paka. Tukazunguka. Giok-lan akatoa simu yake akaanza kuisikiliza ikimwelekeza, akawa kiongozi wa msafara kwa dakika kumi nzima. Dakika kumi mbaya sana maishani mwangu. Nilimwambia hata mimi nilikuwa nataka kupita huko huko.

Supu tuliipata, si kwa mzee wangu bali kwa mjukuu wake. Nyama mbichi nyembamba kama karatasi, wanaimwagia mchuzi wa moto bakulini mbele yako. Nikawafundisha kama marehemu Baba Wen-pin alivyonifundisha mimi: unakunywa kwanza, haraka, kabla wekundu haujaisha. Giok-lan akasema kwao wanajua kunywa supu. Akaungua ulimi. Niliangalia dari.

Halafu uji wa samaki. Halafu tofu laini ya sukari, na Siu-tin akarudia. Halafu kwenye foleni ya mkate wa jeneza nikaona huu ndio wakati. Foleni ndefu, na mkate wenyewe hauandaliwi upesi, wanaukaanga, wanaukata kifuniko, wanaujaza mchuzi mzito wa maziwa na kuku, wanaufunika tena kama maiti. Nikashika tumbo. Nikawaambia wanishikie nafasi, tofu imenigeuka, ninatafuta choo. Giok-lan akanitazama kwa huruma nisiyoizoea. Akanipa vidonge. Akasema nisiharakishe, nikae huko hata nusu saa. Nikajisemea kumbe shoga yangu ana moyo!

Nilikimbia. Miaka sitini na mmoja, tumbo limejaa, nilikimbia.

Hekalu liko vile vile, ni mimi tu ninayechelewa kupanda ngazi. Nikawasalimia miungu wakubwa kwanza, kwa mpango, kisha nikapiga magoti mbele ya Babu. Ndevu nyeupe, mashavu mekundu, uso wa mtu aliyekwisha kusikia yote. Nikamweleza vizuri kama inavyotakiwa. Jina la mwanangu. Siku aliyozaliwa kwa kalenda ya mwezi. Anapoishi, mtaa mpaka namba ya mlango, maana bila anwani bibi harusi atatumwa wapi? Kisha nikamtajia tunachotaka. Awe mpole. Asiwe mpole sana, mtoto akilia asikie. Ajue kupika, lakini asinipite. Awe na kazi. Kazi isiwe ya mbali. Asiwe na mama msemaji. Mwenye nyonga. Asichukie harufu ya kamba. Na awe anacheka nikisema jambo la kuchekesha.

Nikarusha vijimwezi, vile vipande viwili vya mti. Vikianguka kimoja chali kimoja kifudifudi, Babu amekubali. Vyote kifudifudi, amekataa. Vilianguka vyote chali. Hapo Babu anacheka.

Nikarusha tena. Akacheka tena.

Mama mmoja anayefagia majivu pale akaja akasimama juu yangu. "Dada, unamwombea mwanao mke, au unaajiri?" Nikamwambia Wen-pin si mtoto wa kuozwa ovyo. Akasema wote waliopiga magoti hapo hawana mtoto wa kuozwa ovyo, nipunguze. Nikapunguza kwa uchungu. Nikabakisha mpole na kucheka. Kimoja chali, kimoja kifudifudi! Nilipiga yowe hekaluni. Nikachukua uzi wangu mwekundu, nikauzungusha juu ya moshi wa udi mara tatu, nikautia kwenye pochi pamoja na vile vidonge.

Nageuka. Kwenye mto wa magoti wa tatu kutoka kwangu, blauzi nyekundu.

Tulitazamana. Giok-lan akasema alikuwa anatafuta choo. Nikasema hata mimi. Tukakubaliana kwamba mji huu vyoo vyake vimefichwa kweli. Tulirudi kama watoto waliokamatwa, tukamkuta Siu-tin amekaa kwenye ngazi ya duka amemaliza majeneza mawili na analiangalia la tatu.

Sikujali. Uzi ninao! Nikawapeleka kula barafu ya kukwangua kusherehekea bila kuwaambia tunasherehekea nini.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mwenye duka akatoa bonge la barafu kwenye gunia, akaliweka kwenye mashine, akazungusha mkono, shii shii shii. Huo mlio! Baba Wen-pin alikuwa mpeleka barafu. Saa kumi alfajiri anatoka na baiskeli yake ya magurudumu matatu, mabonge yamefunikwa gunia, na mchana anarudi bega la kulia limelowa, la kushoto kavu. Kwa miaka yote ile nilianika mashati yaliyolowa bega moja. Kichochoro chetu kilikuwa chembamba hata baiskeli haikuweza kugeuka, akawa anaiingiza kinyumenyume, akipiga kengele kuanzia kwenye kona, na mimi nasimama mlangoni...

Kijiko kikasimama mdomoni.

Mlangoni wapi?

Wiki yangu ya kwanza Tainan nilipotea mara mbili sokoni. Mimi ni mtoto wa mashamba ya miwa, shule niliishia darasa la sita. Baba Wen-pin akanikalisha kwenye ngazi akaniimbisha anwani mpaka ikaniingia kama pumzi: Mtaa wa Wasuka Mikeka, kichochoro cha themanini na saba, namba kumi na tisa. Ndilo jambo refu la kwanza nililoliandika bila kukosea. Wen-pin alipojua kusema nikamwimbisha yeye, asije akapotea. Changhua tuna miaka ishirini na sita na bado anwani ya hapa lazima niisome kwenye bili.

Kwa Babu sikusoma. Kwa Babu nilifumba macho. Nikasema Mtaa wa Wasuka Mikeka, kichochoro cha themanini na saba, namba kumi na tisa!

Ilibidi niwaambie, maana nilikuwa nimepaliwa na maharage mekundu matamu ya juu ya barafu na Siu-tin ananipiga mgongoni. Giok-lan alicheka mpaka akashika meza. Akasema basi hongera, mkwe ameshapatikana, tatizo yuko njiani kwenda kwa watu wengine. Siu-tin akasema si turudi tu nikasahihishe. Tukarudi wote. Nikapiga magoti, nikaeleza kosa, nikarusha. Akacheka. Nikarusha. Akacheka. Nikarusha mpaka goti likalia. Yule mama wa majivu akanishika mkono. "Dada, Babu ameshaandika. Hapa si posta."

Nimekaa kitandani kwenye chumba cha wageni ninaandika haya. Ninachowaza ni kimoja. Sasa hivi kuna mtu anaishi namba kumi na tisa. Kama ni mwanamume, na hajaoa, mke wa mwanangu ataingia kwake.

Jumamosi, 16 Machi

Nimetangaza kwamba ratiba imebadilika. Tulikuwa twende ngomeni. Nikasema ngome haiendi popote.

Giok-lan akalalamika. Kisha akavaa viatu kabla yetu sote, maana anataka kuona aibu yangu kwa macho yake.

Mtaa ule simu haikuupata vizuri, ulishaunganishwa na barabara kubwa. Ha! Nikaongoza mimi, kwa miguu iliyokumbuka yenyewe. Kiwanda cha barafu sasa ni maegesho ya magari. Nilisimama pale kidogo. Lami ilikuwa inatoa joto, mahali ambapo kiangazi tulikuwa tunakwenda kusimama na watoto mlangoni ili tupigwe na ule ubaridi bure. Kisima kipo, kimewekewa kifuniko cha kioo na taa. Tulikuwa tunaoshea mboga pale! Nikamwambia Giok-lan hapo ndipo Wen-pin alipotumbukiza kiatu cha baba yake, akiwa na miaka mitatu, kutaka kujua kina. Akili ya ufundi ile, tangu utotoni. Giok-lan akasema hata mbuzi hutumbukiza vitu. Siu-tin akasema wapi hapo panapouzwa chakula.

Mlango wa kichochoro ni ule ule, kati ya kuta mbili, mtu mnene anapita upande. Tulipita upande. Nikasikia harufu ya sukari inayoungua.

Namba kumi na tisa. Mlango umepakwa rangi ya kijani. Enzi zetu ulikuwa wa bluu, nilichagua mimi. Nikabisha huku ninaomba atoke bibi kizee.

Akatoka mwanamume. Kijana, miaka thelathini na sita hivi, mrefu, aproni, mikono imejaa ufuta. Na shavu moja limevimba kama amefichia andazi.

Nikamuuliza moja kwa moja kama ameoa. Naona ningeanza na salamu. Akasema hapana, mama, kwani wewe ni wa sensa? Nikahisi ngazi inazama. Hajaoa! Tena mrefu!

Siu-tin akaona kashata, sinia kubwa za kashata za karanga na ufuta zinapoa mezani, akasema tumekuja kununua. Basi tukakaribishwa. Anaitwa Kun-ta, anachemsha kashata zake mwenyewe pale sebuleni, anaziuza asubuhi mbele ya hekalu la jirani. Akatutilia chai. Heshima anayo, jambo lililozidi kuniumiza. Msichana gani atafika pale na kuondoka?

Nilipomwambia nimewahi kukaa humo, alisimama ghafla. Akaniuliza kama mimi ndiye mama wa yule mtoto. Mtoto yupi? Akanishika mkono mpaka kwenye mlango wa jikoni, akasogeza aproni zilizotundikwa.

Mistari ya penseli ya kupimia urefu wa mtoto. Mpaka juu. Maandishi ya Baba Wen-pin, yaliyolala upande kama yeye alivyokuwa akilala chini ya bonge la barafu. Miaka minne. Mitano, nusu alisimama kwa vidole. Sita. Saba, ana homa. Kun-ta akasema mwenye nyumba alitaka mlango huo upakwe rangi, akamkatalia, hakuweza kumfuta mtoto wa watu. Huwa anampita kila siku na sinia akimwambia shikamoo bwana mdogo, jihadhari moto.

Nikalia. Giok-lan akanipa leso yake ile ya hariri ambayo hata pua yake mwenyewe hairuhusiwi. Siu-tin alikuwa anatafuna taratibu, kwa heshima.

Lakini kulia si kusahau kazi! Mtu aliyeacha mistari ya mwanangu hawezi kuachwa amnyang'anye mke. Huku ninafuta macho, mpango ukaja mzima mzima. Nikamwomba ahame. Akacheka kwa upande mmoja wa uso, akasema hapana, mama. Basi, kama hahami, aoe. Aoe upesi, yeyote, kabla mkwe wangu hajafika! Binti akifika akamkuta mtu na mkewe ataomba msamaha, na Babu atalazimika kumwelekeza upya.

Nikatazama lile shavu. Nikamuuliza limekuwaje. Jino, akasema, kashata zake mwenyewe zimemlipiza, na anawaogopa madaktari wa meno kuliko tetemeko la ardhi. Nikamwambia ana bahati ya ajabu. Mbele yake ameketi mama mzazi wa Daktari Pei-shan wa Changhua, mwenye mkono mwepesi kuliko wote, mgonjwa hajui hata kama jino limetoka. Hajaolewa, nikaongeza, kama mtu anayetaja saa za kufungua.

Giok-lan alinipiga teke chini ya meza. Nje ya kichochoro akanigeukia: "We mwanamke una wazimu? Mwanangu hakusoma miaka saba aje aolewe na mchemsha sukari!" Nikamwambia nani kasema kuolewa, ni jino. Akasema ananijua vizuri, mimi. Hakunisemesha mpaka kwenye tambi za mikunga, na hapo ni kwa sababu alitaka pilipili.

Lakini namba ya simu ya kliniki nilishaiandika nyuma ya pakiti ya kashata, nikamwachia Kun-ta mezani. Akili!

Jumapili, 17 Machi

Nyumbani. Nimemletea Wen-pin kashata na salamu za mlango. Aliacha kula. Akaniuliza mstari wa miaka saba bado upo? Nikamwambia upo, wenye homa. Akasema anaikumbuka homa ile, baba alimletea kipande cha barafu kwenye kitambaa, akakaa naye kutwa nzima bila kwenda kazini, na barafu yote ya watu ikayeyuka mlangoni. Hilo sikuwa nikilikumbuka. Tumekaa sebuleni tumezima redio, tukila kashata, na kwa muda tulikuwa watatu.

Kisha nikautia ule uzi kwenye koti lake kwa siri.

Jioni nimemkuta ameufunga kwenye fimbo yake ya kuvulia kamba. Anasema mwekundu unaonekana vizuri majini.

Jumatano, 22 Mei

Kun-ta amekuja Changhua kwa treni mara tano kwa ajili ya jino moja. Jino gani hilo, la tembo? Siu-tin ndiye aliyeniambia, na Siu-tin hajui kudanganya, mdomo wake daima una kitu.

Mara ya kwanza Pei-shan alimng'oa na yeye akazimia. Mara ya pili akaleta kashata za kuomba radhi. Za ufuta laini, zisizovunja meno. Mara ya tatu Pei-shan alifunga kliniki mapema wakaenda kula madonge ya nyama. Giok-lan sasa hasemi mchemsha sukari. Kwenye dansi leo asubuhi amesema, mbele ya watu wote, mikono hewani, kwamba mkwewe mtarajiwa ana kiwanda.

Kiwanda! Sebuleni kwangu!

Nimerudi nyumbani nikakaa nikahesabu kwa vidole. Mimi nilimwomba Babu binti mpole anayecheka. Pei-shan ni mpole, na anacheka mpaka anakoroma. Nilimpa Babu anwani ya namba kumi na tisa. Pei-shan anakwenda kuolewa namba kumi na tisa. Basi yule ni wangu! Ni mkwe wangu yule, ametumwa kwa uzi wangu kwenye nyumba yangu ya zamani, na namba ya simu nimeiandika kwa mkono wangu! Ningesoma bili tu siku ile, daktari wa meno angekuwa anatembea sebuleni humu sasa hivi.

Ni kweli Giok-lan angekuwa mkwe mwenza.

Nimewaza hilo kwa muda mrefu. Ningevumilia.

Nimemweleza Wen-pin kwamba ameibiwa mke. Akasema Pei-shan alimziba meno mawili mwaka juzi na hakuna aliyehisi chochote. Akaenda kwenye kamba wake.

Jumapili, 13 Oktoba

Uchumba! Tainan tena, wote watatu, na mara hii Wen-pin ametuendesha kwa gari, maana Giok-lan ana maboksi ya keki za uchumba yasiyoingia kwenye treni. Boksi nililopewa mimi ni kubwa kuliko la Siu-tin. Nimepima.

Sherehe ilijaa kichochoro kizima, meza moja moja kwa mstari, kwa kuwa mbili hazipiti. Kun-ta alinitambulisha kwa wazee wake kuwa ndimi mshenga. Nikasema ah, si kitu, nikarudia kusema si kitu kwenye kila meza. Giok-lan alivaa nyekundu, mimi nikavaa nyekundu, mpiga picha akadhani sisi ni dada. Giok-lan hakukataa. Akanishika kiuno akaniambia sikioni, "Asante, mwenda wazimu wangu." Nitamkumbusha kauli hiyo siku akinikasirikia.

Wen-pin nilimkuta jikoni amesimama kwenye mlango, mgongo kwa mistari, na Kun-ta anamchorea mpya kwa penseli. Mtu wa miaka thelathini na minane! Nusu amesimama kwa vidole.

Basi moyo umejaa, tumbo limejaa, nikawaambia ninakwenda chooni. Giok-lan akasema basi nimsalimie Babu.

Mara hii sikubahatisha. Wen-pin mwenyewe ndiye aliyeniandikia anwani yetu ya Changhua, kwenye karatasi, kwa herufi kubwa kama za lifti. Akaniambia kama ni lazima nimsumbue mungu, Mama, angalau nimsumbue na anwani sahihi. Mtoto yule! Yule mama wa majivu aliponiona akaweka ufagio chini akaja kutazama.

Nikapiga magoti. Karatasi mkononi. Jina la mwanangu, siku ya kuzaliwa, vizuri kabisa. Kisha moshi wa udi ukaniingia machoni, nikayafumba kidogo tu. Nikasikia kengele ya baiskeli. Ile inayoanzia kwenye kona. Na mdomo ukasema, wenyewe, bila kuniuliza: Mtaa wa Wasuka Mikeka, kichochoro cha themanini na saba, namba kumi na tisa.

Nikafumbua macho. Nikatazama karatasi. Nikamtazama Babu.

Nikarusha. Kimoja chali, kimoja kifudifudi. Mara ya kwanza tu!

Sikusahihisha. Nani anasahihisha jibu kama lile? Nimechukua uzi wangu, nimeshuka ngazi, na tumerudi Changhua tukila keki njia nzima. Kesho asubuhi, kabla ya dansi, nitampigia Pei-shan simu. Nitamwambia akishahamia kule, msichana yeyote atakayebisha mlango wa kijani asimfukuze. Amkaribishe ndani, ampe kashata, amwonyeshe mistari, kisha amwelekeze kwangu. Ni wa Wen-pin.